Siku Walipotaka Kumkata Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa wanaume wa bonde la Balnadroch, huko Uskoti, pamoja na wageni wao, walikuwa wakishindwa na gogo moja, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakilitafutia sababu. Mara limepinda. Mara limelowa mno. Mara upepo ulitoka kaskazini, mara nyasi zilikatwa vibaya, mara kilti, sketi yao ya kiume, ilibana kiunoni. Una Birnie alizisikia sababu hizo kila Agosti, siku ya michezo ya bonde, tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, na katika umri wake wote hakuwahi kumsikia hata mmoja akisema kwamba hakuwa na nguvu za kutosha.

Gogo lenyewe waliliita Mama Mkwe, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyemkumbatia akatamani kurudia. Lilikuwa gogo la msonobari, urefu wake futi kumi na saba, uzito wake kama gunia la sukari. Mabonde mengine yana magogo mazito zaidi. Ubaya wa Mama Mkwe ulikuwa katika umbo: ncha ya chini, ile inayoshikwa, ambayo kwa kawaida huwa nyembamba, ilikaribia unene wa ncha ya juu, na katikati alikuwa na kombo kidogo, kama mtu aliyegeuza uso ili asikusalimie. Mrushaji humbeba wima, ncha ya chini ikiwa viganjani na mwili wa gogo ukiegemea bega, akakimbia, akasimama ghafla, akasukuma juu kwa nguvu zote. Ncha ya juu inatakiwa ipige chini, ile ya chini ipande, ipite angani, ilale mbele. Hapo gogo limegeuka. Kulirusha mbali si hoja. Hoja ni ligeuke, tena linyooke: likilala sawa na mbio za mrushaji, mwamuzi hutangaza saa sita kamili, kama mshale wa saa unaotazama juu, likipinda kidogo kuume, saa saba, kushoto, saa tano. Lisipogeuka kabisa, anapewa nyuzi za pembe ambazo gogo lilifikia kabla halijamrudia, tisini zikiwa wima, na pole juu yake.

Mama Mkwe alikatwa na marehemu baba yake Una, Wattie Birnie, katika msitu wake mwenyewe, na kila mwaka baada ya michezo alirudishwa kulala ndani ya bwawa la shamba lao. "Gogo likikauka huwa jepesi," mzee alikuwa akisema, "na gogo jepesi ni fimbo ya kuchungia bata." Alipofariki alimwachia Una kondoo mia tatu, trekta moja lenye kikohozi, mama mwenye ulimi mkali, na bwawa lenye Mama Mkwe ndani yake.

Una alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa na mabega ya kunyanyulia kondoo dume juu ya uzio, na alikuwa akiwanyanyua kweli, wawili kwa siku wakati wa kuwaogesha dawa.

"Mwanangu, ungezaliwa mwanamume ungekuwa bingwa wa Uskoti nzima," mama yake, Elspet, alimwambia siku moja.

"Ningezaliwa mwanamume, mama, ningekuwa kwenye kamati."

Kamati ya michezo ilikuwa ya wanaume saba, na mwenyekiti wake alikuwa Norval Pirie, mwenye hoteli ya pale kijijini. Mtu huyu hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko sinia, lakini kwa kuwa alishika kipaza sauti kila Agosti, alijiona ndiye aliyewazaa wanamichezo wote. Tumbo lake lilitangulia kuingia uwanjani, yeye akalifuata. Mwaka ule wa tisini na sita alikuwa na homa ya makuu kuliko kawaida, maana watu wa televisheni waliahidi kuja, na yeye alikwisha kuwaahidi kwamba mwaka huu, Mungu akipenda na asipopenda, Mama Mkwe atageuka.

Alikuwa na njia yake. Kanuni za michezo ya Balnadroch zilisema kwamba gogo likiwashinda washindani wote, kamati inaweza kulikata mbele ya watu, likapungua, wakajaribu tena. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo, kwa aibu tu. Lakini Wattie Birnie sasa alikuwa kaburini, na aibu ya kamati ilizikwa pamoja naye.

Kanuni iliyofuata ilisema hivi: gogo likishageuzwa hata mara moja, msumeno usiliguse milele.

Asubuhi ya siku ya michezo, saa kumi na mbili na nusu, Una alifika uwanjani na trekta, Mama Mkwe akiwa kwenye tela, anadondosha maji ya bwawa. Ukungu ulikuwa bado umekalia vilima. Mahema yalikuwa yamesimama lakini hakukuwa na mtu, isipokuwa gari la Pirie kando ya hema la wiski, na Pirie mwenyewe ndani yake, vioo vimefungwa kwa ajili ya visubi.

Una hakuwa amekusudia kitu. Kazi yake ilikuwa kulishusha gogo na kurudi nyumbani kunywa uji. Lakini alipoliinua kwa uma wa mbele wa trekta, gogo lilisimama wima, mkanda umelishika juu, ncha ya chini kwenye nyasi, na kombo lake likamtazama. Akalizunguka. Alilijua kombo lile kama mtu anavyolijua pengo la meno ya dada yake. Miaka yote aliwaona wanaume wakilibeba kombo likitazama nje, kwa sababu mtu wa kwanza alifanya hivyo na waliofuata walimwiga. Yeye daima alifikiri kombo lilitakiwa liingie shingoni.

"Ngoja basi," alimwambia Mama Mkwe.

Aliligeuza gogo robo duara, akaingiza bega, kisha akaulegeza mkanda. Akachuchumaa, akafuma vidole chini ya ncha ya gogo na kunyanyuka. Gogo liliyumba kidogo, kisha likatulia shingoni mwake kama lilivyotakiwa kutulia miaka yote ile. Alikimbia hatua tisa, akafunga breki, akasukuma kwa miguu, kwa mgongo, kwa kila kondoo aliyewahi kumnyanyua. Mama Mkwe aliondoka mikononi mwake, akapiga chini kwa kichwa, akasimama juu ya kichwa hicho muda wa kuvuta pumzi, kisha akaenda upande wa pili na kulala kwa kishindo kilichoamsha kunguru wote wa kanisani.

Alikuwa amepinda kidogo kuume. Saa saba. Lakini alikuwa amegeuka.

Una alisimama mikono ikining'inia. Alijisikia kucheka na kulia, na kwa kuwa hakujua kimoja kati ya hivyo kianze, havikuja vyote viwili. Ndipo aliposikia mlango wa gari.

Norval Pirie alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, mkate wenye nyama ya nguruwe mkononi, kipande mdomoni, kiini cha yai ndevuni.

"Umefanya nini wewe?" aliuliza, akimeza.

"Habari za asubuhi, Bwana Pirie. Nimemgeuza."

"Hujamgeuza. Michezo haijafunguliwa."

"Kwani gogo linasoma ratiba?"

Pirie aliangalia huku na huku, kama mwizi wa kuku. "Sikiliza, Una. Nakuheshimu, baba yako namheshimu. Lakini watu wa televisheni wanakuja kuwaangalia wanaume. Nitawaambia nini? Kwamba mchunga kondoo na trekta lake wamemmaliza Mama Mkwe kabla ya chai?"

"Trekta halikukimbia. Nimekimbia mimi."

"Basi mimi sikuona."

"Ulikuwa umesimama hapo macho kodo!"

"Nilikuwa nakula," Pirie alisema. "Mtu akila haoni."

Una alimtazama mtu yule mzima, mwenye nywele zilizochanwa kwa maji, mwenye beji tatu kifuani, na hasira yote ikamwisha. Ni vigumu kumkasirikia mtu mwenye yai ndevuni. Akaona kwamba hakuna haja ya kubishana. Jambo lile lilikuwa lake, na kuwagawia watu wa aina hii ni kumwaga maziwa kwenye mchanga.

"Maliza mkate wako, Bwana Pirie," alisema, akapanda trekta.

Laiti wangeliacha hapo, asingelitamka mpaka kufa.

Mchana watu walijaa. Zumari za mfuko zililia tangu saa nne, wasichana wakacheza juu ya panga zilizopishanishwa, mvua ikanyesha mara mbili na mara mbili ikajuta. Watu wa televisheni walikuwa watatu, wamevaa viatu vya mjini, wanaruka madimbwi kama paka. Pirie alikuwa ubavuni mwao daima, akiwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mashindano ya wanawake yaliwekwa saa saba, wakati watu wanatafuta chakula.

"Na sasa, mabibi na mabwana," Pirie alitangaza, "warembo wetu na kigogo chao! Msicheke sana, wanajitahidi!"

Warembo walikuwa watano: muuguzi, mwalimu, mke wa mwoka mikate, dada mmoja wa posta, na Una. Kigogo chao kilikuwa chepesi kiasi kwamba mke wa mwoka mikate, ambaye kila siku hubeba magunia ya unga, alikigeuza mara ya kwanza na kuuliza kama hicho ndicho kipimo au bado wanapasha misuli. Una alikirusha mara tatu, na mara tatu kikalala saa sita kamili. Zawadi ya mshindi wa wanaume ilikuwa kikombe cha fedha na kreti ya wiski. Zawadi ya mshindi wa wanawake ilikuwa mataulo manne ya kufutia vyombo, yamechapwa picha ya hoteli ya Pirie.

"Yatakufaa jikoni," Pirie alimwambia, akimpa mkono mbele ya kamera.

"Yatafaa kondoo wanaoharisha," Una alimjibu, akitabasamu vizuri ili picha isiharibike.

Kisha wakaja wanaume, kumi na wawili. Una alikaa kwenye nyasi nyuma ya kamba karibu na mama yake, wakila mikate ya shayiri na jibini, na Elspet akawatolea hukumu mmoja mmoja.

"Huyu amejipaka mafuta mikono yote. Anataka kumrusha au kumkaanga?"

Aliyejipaka mafuta aliteleza, gogo likamshuka mgongoni, akatangaziwa nyuzi arubaini.

"Na huyu anaomba dua kwanza. Mwache aombe. Mama Mkwe si Mkristo."

Mwingine alipiga kelele za simba kabla ya kunyanyua, na baada ya kunyanyua hakuwa na pumzi ya kukimbia. Wa tano hakuweza hata kumbeba. Alitembea naye kando kando kama mlevi anayesindikizwa na mlevi, wakaanguka wote wawili, na alipoinuka alisema nyasi zimekatwa vibaya. Wote walimbeba kombo nje. Una aliangalia akitafuna. Hakuwahurumia.

Mmoja tu alimfanya aache kutafuna. Huyo alikuwa Gunn, dereva wa lori kutoka Wick, bingwa wa mwaka uliopita, mtu mkimya mwenye shingo kama kisiki. Hakujipaka kitu, hakuomba kwa sauti. Jaribio lake la tatu lilifika nyuzi sabini na tano, gogo likasita angani, likaghairi, likarudi. Aliokota kofia yake, akaenda kusimama pembeni. Hakuna mwingine aliyevuka sabini.

"Mabibi na mabwana!" Sauti ya Pirie ilisikika haina huzuni hata kidogo. "Mama Mkwe amekataa tena! Lakini kanuni zinaturuhusu. Leteni msumeno!"

Msumeno ulikuwa tayari. Ulitoka nyuma ya hema la wiski, umenolewa, umepakwa mafuta. Wanaume wawili waliushika kila mmoja upande wake, na Pirie akachora alama kwa chaki nyeupe, futi mbili kutoka ncha ya chini. Ncha ile ile ambayo Wattie Birnie alichonga herufi za jina lake kwa kisu, ndogo ndogo, kama mtu asiyetaka kuonekana anajisifu.

Una hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita kamba. Alijikuta amesimama juu ya gogo, kiatu kwenye chaki.

"Halikatwi."

"Una, dada yangu, toka hapo. Watu wanatazama."

"Wacha watazame. Gogo lililogeuzwa halikatwi. Mimi nimeligeuza leo asubuhi, na wewe Norval Pirie ulikuwepo."

Kicheko kilianza mbele, kikaenda nyuma kama moto kwenye majani makavu. Mtu alipaza sauti, "Kaligeuzie kitandani!" Mwingine, "Mpeni taulo lingine!" Aliyejipaka mafuta, ambaye gogo lilimpitia mgongoni, ndiye aliyecheka kuliko wote, akishika kiuno. Watu wa televisheni walisogea.

Mwamuzi mkuu, mzee Mutch, alikuja na kitabu cha kanuni kwapani. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mkavu kama ubao, na sikio lake moja lilikwisha kustaafu kabla yake.

"Mwenyekiti," aliuliza, "ulikuwepo?"

Pirie alifungua mikono, kipaza sauti katika mmoja. "Mzee wangu, nilikuja asubuhi kukagua mahema. Nilimwona Una na trekta. Zaidi ya hapo sikuona kitu chochote."

Una alimtazama machoni. Macho ya Pirie yalikimbilia kwenye mahema, yakajificha huko.

"Basi mpeni ajaribu," sauti ilisema nyuma yao. Alikuwa Gunn. "Kama ni uongo, tutauona. Kama ni kweli, tutaiona pia. Mnaogopa nini?"

"Haya ni mashindano ya wanaume," Pirie alisema.

Mzee Mutch alilamba kidole, akafunua kurasa. "Kanuni haisemi mwanamume. Inasema mshindani. Huyu ameandikishwa leo, ameshindana leo. Majaribio matatu."

Hapo ndipo ingefaa kusema kwamba alimnyanyua Mama Mkwe na kumgeuza mbele ya umati, wote wakanyamaza. Haikuwa hivyo. Hasira si nguvu; hasira ni kelele ndani ya mikono. Wanaume wawili walimsimamishia gogo wakikonyezana, na kombo lilikuwa nje kama walivyozoea, na Una kwa hasira hakuligeuza. Alikimbia hatua nne, gogo likamponyoka ubavuni. Umati ulipiga mbinja. Mtu alimtupia taulo.

Jaribio la pili aliligeuza kombo likaingia shingoni, akakimbia vizuri, lakini viganja vililowa mvua, akasukuma mapema. "Nyuzi hamsini na tano!" Wengine walicheka, ingawa walio mbele, waliojua nyuzi hamsini na tano maana yake nini, hawakucheka sana. Wanne kati ya wale kumi na wawili hawakufika hapo.

Kabla ya la tatu Elspet alipenya hadi kwenye kamba. "Una! Unamrusha Pirie. Acha kumrusha Pirie. Rusha gogo!"

Una alifuta viganja kwa lile taulo lenye picha ya hoteli, akafuta vizuri mpaka picha ikawa tope tupu, akalitupa. Akachuchumaa. Safari hii alisikia uzito ukikaa panapostahili. Hatua tisa, breki, akasukuma. Mama Mkwe alikwenda juu, akapiga chini kwa kichwa, ncha ya chini ikapanda, ikapanda, na uwanja mzima ukavuta pumzi moja. Gogo lilisimama karibu wima kabisa. Upepo ulitoka mtoni, upepo mdogo tu wa kukaushia nguo, ukaligusa. Likarudi.

"Themanini na tano," alisema mwamuzi wa pembeni kwa sauti ya chini. Alikuwa wa kwanza siku ile kutangaza nyuzi kama mtu anayetoa rambirambi.

Hakuna aliyecheka. Gunn aliinamisha kichwa, akavua kofia.

"Basi!" Pirie alikwisha kurudi na kipaza sauti chake, sauti imechangamka. "Tumeona wote kwa macho yetu. Amejitahidi sana, mpigieni makofi. Msumeno!"

Una alikuwa amekaa kwenye nyasi, mikono imekufa ganzi. Alimtazama Pirie akimzunguka Mama Mkwe na chaki yake, akakumbuka jambo moja alilolijua kuhusu mtu huyu tangu utotoni: Norval Pirie angeweza kuvumilia njaa, baridi na deni, lakini hakuweza kumvumilia mtu anayejisifu zaidi ya stahili yake, isipokuwa yeye mwenyewe. Akainuka, akajifuta tope, akasema kwa sauti ya kutosha, kwa utulivu, kama anazungumzia hali ya hewa:

"Si kitu. Asubuhi nilimlaza saa sita kamili. Kama amepimwa kwa rula."

"Saa sita?" Pirie aligeuka.

"Kamili. Tena vizuri kuliko bingwa yeyote. Hakupinda hata unywele."

"Hakupinda!" Uso wa Pirie uliiva. "Mwongo mkubwa wee! Saa sita ya wapi? Ilikuwa saa saba, tena saba na ushee, ilipinda mpaka karibu ipige gari langu—"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno yalikwenda kwenye vipaza vyote vinane vilivyofungwa kwenye nguzo, yakagonga kilima cha ng'ambo, na kilima kikarudisha: gari langu, gari langu.

Vichwa vyote uwanjani vikageukia gari la Pirie.

"Sikusikia vizuri," alisema mzee Mutch, aliyesikia vizuri sana. "Ilikuwa saa ngapi, Mwenyekiti?"

Pirie alikificha kipaza sauti nyuma ya mgongo, kana kwamba ndicho kilichosema.

"Saa saba," Una alimsaidia. "Anasema kweli. Ilipinda kidogo."

"Saa saba ni kugeuka," alisema mzee Mutch, akafungua kitabu. "Si kugeuka kuzuri. Lakini ni kugeuka."

Cheko lililozuka hapo halikuwa lile la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa na meno. Hili lilikuwa na machozi. Walimcheka Pirie kwa jina lake na jina la hoteli yake. Elspet alitaka kujua gari lilionaje, maana labda nalo lina shahada ya uamuzi. Wenye msumeno waliuweka chini polepole, kila mmoja akijifanya si yeye aliyeuleta. Watu wa televisheni walimrudishia Pirie kamera usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuitaka.

Mzee Mutch aliandika kitabuni kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Mama Mkwe amegeuzwa. Mrushaji, Una Birnie. Saa saba. Shahidi, Mwenyekiti wa Kamati.* Akampa Pirie kalamu.

"Saini hapa."

"Mzee Mutch, hili linaweza kusubiri kikao…"

"Saini, kijana," alisema mzee, kama alivyomwambia miaka arubaini nyuma, Pirie akiwa mwanafunzi wa miaka minane, amekamatwa akinakili hesabu. Pirie alitia saini.

Kikombe hawakumpa Una, maana kikombe kilikuwa cha mashindano ya wanaume, yaliyofungwa kabla ya majaribio yake, na hayo alikuwa ameyashinda Gunn kwa nyuzi zake sabini na tano. Una hakukitaka. Gunn alimletea chupa mbili kutoka kreti yake, akaziweka kwenye tela.

"Kombo ndani," alisema. "Sio?"

"Shingoni kabisa."

"Nimembeba miaka mitano kombo nje." Alitikisa kichwa. "Hukutuambia."

"Hamkuniuliza."

Gunn alifikiri, akaona jibu halina tundu, akamsaidia kumfunga Mama Mkwe kwa mkanda.

Walipokuwa wanamalizia, Pirie alikuja, beji zote mfukoni. Watu walikuwa wametawanyika na hakukuwa na wa kumtazama, kwa hiyo alizungumza kama binadamu wa kawaida.

"Una. Yamepita. Njoo na mama leo hotelini, mle chakula juu yangu. Kuna nyama ya kulungu. Wale wa televisheni wanataka kukuhoji, tutakaa meza moja, tutasema sote tulipanga iwe… iwe jambo la kushtukiza."

Una alifunga fundo la mwisho, akalijaribu kwa kulivuta.

"Uliniona, Norval," alisema. "Nilikuwa peke yangu na wewe uwanja mzima, nimefanya jambo lililowashinda wanaume wa bonde hili miaka kumi na tisa, na ulichofikiria ni ratiba. Hukunipigia hata kofi moja la pongezi. Ungenipigia hilo moja tu, ningekwenda zangu nyumbani."

"Nilikuwa na mkate mkononi," Pirie alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hata yeye alisikia jinsi neno lile lilivyokuwa la kijinga.

"Nenda ukale kulungu wako."

Alipanda trekta. Elspet alikwisha kukaa kwenye tela, juu ya Mama Mkwe, miguu ikining'inia, chupa ya wiski imefunguliwa, akiwapungia mkono watu barabara nzima kama malkia anayerudi kutoka vitani.

Mwaka uliofuata Norval Pirie aliangushwa uenyekiti kwa kura nne dhidi ya tatu, na kamati ikamwomba Una aingie. Aliwajibu kwamba wana kondoo wao na yeye ana wake. Mashindano ya wanawake yalisogezwa saa tisa, watu wakiwa wameshiba. Mama Mkwe hakugeuka mwaka ule, hata kwa Una, aliyeruhusiwa kujaribu na wanaume na kupata nyuzi themanini, za pili kwa ukubwa siku ile. Wanaume wote sasa walimbeba kombo ndani, wakashindwa vile vile, na wakasema nyasi zilikatwa vibaya.

Mwaka wa tatu Gunn alimgeuza, saa sita na robo. Una alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Alimwambia ni urushaji mzuri, na kwamba kilti yake imegeuka nyuma mbele tangu asubuhi na hakuna rafiki yake hata mmoja aliyemwambia.